Mwongozo Kamili wa Kufundisha Hila katika Futiboli ya Kimarekani: Pasi Mbili na Mpangilio wa Lango

Kocha huchora hila kwenye karatasi, wachezaji wakaifanya mara kumi mazoezini bila kosa, halafu siku ya mechi ikafa ndani ya sekunde tatu. Mpira unadondoka, au mwamuzi anarusha kitambaa cha njano kuashiria kosa, au mlinzi wa mwisho wa timu pinzani anabaki palepale ambapo tulitaraji asiwepo. Makocha wasaidizi na wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani wameniuliza jambo hili mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niliandike lote kwa utaratibu. Nilipofuatilia hila zilizoharibika, za kwangu na za wenzangu, nimekuta sababu ileile ikijirudia: timu imefundishwa uongo kabla haijafundishwa ukweli ambao uongo huo unapaswa kufanana nao.

Hila nitakayoifundisha hapa kwa ukamilifu ni pasi mbili. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anaurusha kwa nyuma hadi kwa mpokeaji wa pembeni, naye mpokeaji huyo anaurusha mbele kwa mwenzake aliyekwisha kupenya nyuma ya ulinzi. Baada yake nimeeleza kwa kifupi mpangilio usio wa kawaida uitwao lango, ambao hutumika zaidi baada ya tachidauni, yaani kufunga kwa kuufikisha mpira kwenye eneo la kufungia la wapinzani.

## Maneno yatakayotumika

Kila mpira unapoanza kuchezwa nitaita jaribio, na timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Mstari wa mapambano ni mstari wa kufikirika unaopita mahali mpira ulipowekwa. Snapu ni kitendo cha senta, mchezaji wa katikati ya mstari, kuupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Konabeki ni mlinzi wa pembeni, na sefti ni mlinzi anayesimama nyuma kabisa. Katika pasi mbili nitawaita wapokeaji wetu wawili Mrushaji na Mkimbiaji, ili ieleweke nani anafanya nini.

## Mahitaji

- Mipira mitatu au zaidi, pamoja na ndoo ya maji ya kulowesha mmoja wao.
- Koni nane, na chokaa ya kuchora mistari miwili uwanjani.
- Simu ya kurekodi video, ishikwe na mtu aliye juu ya jukwaa upande wa nyuma ya ulinzi.
- Kitabu cha sheria cha ligi yako, toleo la msimu huu.
- Mpokeaji mmoja anayeweza kurusha mpira yadi 30 kwa usahihi akiwa amevaa kofia na mabega ya kinga.
- Dakika 10 za kila siku ya mazoezi kwa muda wa wiki tatu.

Kama huna hitaji la tano, usiendelee na pasi mbili. Hakuna mchoro utakaofidia mkono usioweza kurusha.

## Hatua ya 1: Hakiki sheria kabla ya kuchora chochote

Sheria nne ndizo zinazoua hila nyingi, na zote zinasomeka kwa jioni moja.

Kwanza, katika jaribio moja inaruhusiwa pasi moja tu ya mbele, nayo ni lazima irushwe kutoka nyuma ya mstari wa mapambano. Pasi za nyuma hazina idadi. Hila yetu nzima inasimama juu ya tofauti hiyo.

Pili, katika timu ya wachezaji 11, wasizidi wanne nyuma ya mstari wakati wa snapu. Wanaostahili kupokea pasi ya mbele ni hao wanne na wawili walio kwenye ncha za mstari. Mchezaji wa ndani ya mstari hastahili hata akiwa peke yake uwanjani. Kwotabeki akitaka kugeuka mpokeaji, awe amesimama yadi kadhaa nyuma ya senta, kwa sababu katika NFL, ligi ya kulipwa, kwotabeki anayeupokea mpira moja kwa moja mikononi mwa senta hastahili pasi ya mbele.

Tatu, wachezaji wa mstari hawaruhusiwi kusonga mbele kabla pasi ya mbele haijarushwa. Uvumilivu wa waamuzi hutofautiana: NFL ni yadi 1, shule za sekondari yadi 2, vyuo yadi 3. Adhabu ni yadi 5, na tachidauni yako inafutwa.

Nne, wote 11 watulie sekunde moja kamili baada ya kubadilisha nafasi, kisha mmoja tu aweza kuwa anatembea wakati wa snapu, bila kuelekea mbele.

Tahadhari. Kuna hila ambazo ni udanganyifu usioruhusiwa. Kujifanya unabadilisha wachezaji ili kumficha mtu kumekatazwa. Vilevile kocha kupiga kelele kwamba kuna adhabu au mpira si sahihi, ili walinzi walegee, ni kitendo kisicho cha haki katika sheria za shule za sekondari, ingawa video ya shule moja ya Texas mwaka 2010 ikifanya karibu hivyo ilisambaa duniani kote. Hila ya halali inampumbaza mpinzani kwa mwendo wa mpira na wa miili. Haimpumbazi kwa kutumia mamlaka ya mwamuzi. Naomba msimamo huu uheshimiwe hasa na wanaofundisha watoto.

Hatua hii imekamilika pale ambapo mchezaji wako yeyote, ukimwamsha usingizini, anaweza kusema kwa nini pasi ya kwanza lazima iende nyuma.

## Hatua ya 2: Jenga ukweli kwanza

Hapa ndipo ninapotaka usomaji wa makini kuliko sehemu nyingine yoyote.

Pasi mbili inaiga mpango wa kawaida kabisa: pasi fupi ya haraka ya pembeni. Katika mpango huo wa kweli kwotabeki anaurusha mpira mara tu anapoupokea, Mrushaji anaudaka karibu na mstari wa pembeni na kukimbia nao, na Mkimbiaji, aliyepangwa hatua chache mbele na ndani yake, anamzuia konabeki. Faida yake ni yadi nne, pengine sita. Ni mpango usiovutia, na kwa sababu hiyo makocha wengi huuruka na kwenda moja kwa moja kwenye hila.

Uufundishe kana kwamba hakuna hila inayofuata. Utumie katika mechi mbili nzima kabla ya kufikiria pasi ya pili. Lengo ni kumfanya konabeki ajenge tabia: anapoona mabega ya kwotabeki yanageukia kwake, akaona viganja vya Mkimbiaji vimeinuka kifuani na viwiko vimekunjwa, basi ashuke mbio kuja kumkaba mdakaji kabla hajapata yadi mbili. Sefti naye, akishachoka kuona yadi nne zinaondoka kila mara, ataanza kusaidia kwa kusogea mbele.

Tazama timu ya chuo ya Boise State walivyofanya tarehe 1 Januari 2007 katika mechi ya Fiesta Bowl dhidi ya Oklahoma. Walikuwa wamebaki na jaribio la pointi mbili, lile linalofuata tachidauni, katika muda wa ziada. Wapokeaji watatu walipangwa upande wa kulia, kwotabeki Jared Zabransky akainua mkono wa kulia na kuuzungusha kama anayerusha kwao, lakini mpira ulikuwa mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo. Ian Johnson akauchukua hapo, akakimbilia kushoto na kuingia bila kuguswa. Matokeo yalikuwa 43 kwa 42. Walinzi walifuata mkono mtupu kwa sababu kila kitu kingine uwanjani, kuanzia mpangilio wa wapokeaji hadi bega la kwotabeki, kilikuwa cha kweli.

Dalili ya mafanikio. Kwenye video ya mechi, tazama visigino vya sefti. Akianza kuvinyanyua na kuja mbele mara tu mpira unapoelekea pembeni, bila kusubiri udakwe, ukweli wako umekomaa. Akibaki ameketi nyuma, endelea na pasi fupi na uchukue yadi zako nne.

## Hatua ya 3: Chagua mrushaji, kisha chagua upande

Hila mbili maarufu zilizofaulu kwenye mechi kubwa zilimpa mpira mtu aliyewahi kuwa kwotabeki. Tarehe 10 Januari 2015, New England Patriots wakicheza na Baltimore Ravens, kwotabeki wao Tom Brady alimrushia Julian Edelman kwa nyuma, naye Edelman, aliyekuwa kwotabeki chuoni Kent State, akampata Danny Amendola kwa tachidauni ya yadi 51. Trey Burton, aliyerusha pasi ya hila maarufu ya Philadelphia Eagles iitwayo Philly Special, naye aliwahi kucheza nafasi hiyo chuoni Florida. Kwa hiyo anza kwa kuwauliza wapokeaji wako ni nani alikuwa kwotabeki alipokuwa mdogo. Mara nyingi yupo.

Sasa upande. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia apangwe upande wa kushoto wa uwanja. Sababu ni ya mwili. Akiwa kushoto na kumgeukia kwotabeki ili adake, bega lake la kushoto tayari linaelekea kwenye eneo la kufungia la wapinzani, na hilo ndilo bega linalotangulia anaporusha. Anadaka, anashika mshono wa mpira, anarusha. Akipangwa kulia itambidi auzungushe mwili mzima kabla ya kurusha, na mzunguko huo ndio muda ambao sefti anautumia kurudi. Wa mkono wa kushoto afanye kinyume chake.

Mpe mipira 20 ya majaribio kwa siku tatu, akiwa na vifaa vyote vya kinga, na mtu akimkimbilia usoni akiwa ameinua mikono. Ninayemkubali ni yule anayeufikisha mpira mahali pake angalau mara 14. Kiwango hiki nimekiweka mwenyewe kutokana na uzoefu, nawe unaweza kukipandisha, lakini usikishushe.

## Hatua ya 4: Pima pasi ya nyuma kwa chokaa

Chora mstari wa kwanza yadi 5 nyuma ya mstari wa mapambano, mahali kwotabeki anapoupokea mpira. Chora wa pili yadi 7 nyuma. Mrushaji anaanza karibu na mstari wa mapambano bila kuukanyaga, na snapu inapotoka anarudi nyuma kwa mshazari, uso ukiwa kwa kwotabeki, mpaka visigino vyote viwili vivuke mstari wa pili. Mpira udakwe hapo.

Kisheria pasi iliyokwenda sambamba na mstari huhesabiwa kuwa ya nyuma, lakini usiweke matumaini yako hapo. Mwamuzi wa pembeni anatazama kwa sekunde moja, mbele yake kukiwa na miili inayogongana. Zile yadi mbili za ziada ndizo zinazomwezesha kuamua bila shaka.

Tahadhari kubwa. Pasi ya mbele isipodakwa, jaribio linakwisha na mpira umekufa. Pasi ya nyuma isipodakwa, mpira u hai, na mpinzani anaweza kuuokota na kukimbia nao hadi mwisho. Wachezaji waliozoea kuona mpira ukianguka na filimbi ikilia husimama kuutazama. Kwa hiyo kila siku, bila kuwaonya, mwambie kwotabeki auangushe mmoja makusudi, na wote wapige kelele "Hai!" na kuulalia. Fanya hivyo pia kwa mpira uliolowa.

Umefaulu hapa pale wanapodaka mipira 10 mfululizo nyuma ya mstari wa pili, na pale ambapo mpira ulioangushwa unalaliwa na mtu wetu kabla haujadunda mara ya pili.

## Hatua ya 5: Panga ulinzi wa muda mrefu zaidi

Pasi ya kawaida ya pembeni huisha haraka, na wazuiaji wa mstari wanajua hivyo mwilini mwao. Hila inawataka wazuie karibu mara mbili ya muda huo, huku wakionekana kana kwamba hakuna lililobadilika. Waambie wazi kwamba hii ni pasi ya mbele, na kwamba hakuna unyayo utakaovuka mstari wa mapambano. Kwa sababu hiyo pasi fupi ya kweli uliyoifundisha katika hatua ya 2 iwe ile ambayo wazuiaji wa mstari hubaki nyumbani na kazi ya kuzuia mbele hufanywa na mpokeaji peke yake. Ukichagua aina ambayo watu wa mstari hukimbia mbele, utawafundisha tabia itakayokuletea kitambaa cha njano siku ya hila.

Mzuiaji wa mwisho upande wa Mrushaji ana kazi ngumu kuliko wote. Apige hatua moja ndefu kuelekea nje na nyuma, ili mlinzi yeyote anayemkimbilia Mrushaji alazimike kumzunguka.

Chukulia ulinzi kwa uzito wa usalama wa mtoto. Tarehe 18 Novemba 1985, Washington ikicheza na New York Giants, kwotabeki Joe Theismann alimpa mpira mkimbiaji wake, akarudishiwa ili arushe mbali, na mguu wake ukavunjika Lawrence Taylor alipomwangusha. Theismann hakucheza tena. Hila yoyote inayorefusha muda wa mpira nyuma ya mstari inamweka mtu mbele ya wakimbiaji wazito, macho yake yakiwa kwingine. Pima kwa saa: kuanzia snapu hadi mpira unapotoka mkononi mwa Mrushaji, zisizidi sekunde tatu na nusu. Zikizidi, punguza umbali wa pasi kabla ya kuongeza idadi ya wazuiaji.

## Hatua ya 6: Mfundishe Mkimbiaji kusema uongo kwa mikono

Mkimbiaji ndiye mwigizaji mkuu. Katika hatua zake tatu za kwanza awe yuleyule wa siku zote: magoti yamekunjwa, viganja vimeinuka, macho kwenye kifua cha konabeki. Konabeki anapompita kwenda kumkaba Mrushaji, Mkimbiaji ashushe mikono na kupenya mbele kwa mshazari, akielekea nafasi iliyoachwa kati ya mstari wa pembeni na sefti.

Asimguse konabeki hata kidogo. Kumzuia mlinzi mbele ya mstari kabla pasi ya mbele haijaguswa ni kosa, na adhabu yake inaumiza. Kivuli cha kuzuia kinatosha.

Nitaeleza kosa moja la upande wetu, kwa kuwa limetufunza kuliko mchoro wowote. Kijana aliyecheza nafasi hii alikuwa na taulo dogo kiunoni. Katika pasi zote za kweli hakuligusa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia tu. Jioni ya hila, akijua kwamba mpira unamjia, alijifuta viganja mara mbili kabla ya snapu. Konabeki aliyekuwa hatua nne mbele yake alimtazama mikono, akarudi nyuma yadi tatu, na pasi ikadakwa na wapinzani. Tangu siku hiyo wapokeaji wetu wote hujifuta mikono kabla ya kila jaribio, hata wale ambao hawatagusa mpira.

Tafuta taulo la timu yako. Linaweza kuwa kwotabeki anayetazama upande wa hila mara moja zaidi, au mzuiaji anayeegemea visigino badala ya vidole kwa sababu anajua ni pasi.

## Hatua ya 7: Unganisha vipande

Wiki ya kwanza fanyeni kwa kutembea, kila mtu akitaja kwa sauti anachofanya. Wiki ya pili nusu mwendo, kukiwa na walinzi walioambiwa kwamba hila inakuja. Wiki ya tatu mwendo kamili, na hapa changanya: pasi ya kweli mara nne, hila mara moja, bila walinzi kujua ipi ni ipi.

Kila jioni weka video mbili pamoja, moja ya ukweli na moja ya hila, uzisimamishe sekunde moja baada ya snapu. Mwite mchezaji ambaye hayumo kwenye mpango huo akuambie ni ipi. Akipatia mara tatu mfululizo, kuna kitu kinavuja, na kazi yako ni kukitafuta. Akianza kubahatisha, mko tayari.

## Hatua ya 8: Mpe Mrushaji njia ya kutokea

Siku nyingine sefti hatanasa. Mrushaji awe na maelekezo mafupi kuliko yote katika mwongozo huu: Mkimbiaji akiwa huru kwa hatua mbili, rusha, asipokuwa huru, kimbia na mpira na ukubali yadi utakazopata.

Asiutupe nje ya uwanja kwa kuokoa hali. Katika sheria za shule za sekondari, ruhusa ya kuutupa mpira nje bila mlengwa ni ya yule aliyeupokea kutoka kwenye snapu na ambaye hajaupitisha kwa mwingine, kwa hiyo Mrushaji wetu hanayo. Kupoteza yadi mbili kwa kukimbia ni afadhali kuliko pasi iliyodakwa na mpinzani.

## Hatua ya 9: Siku ya mechi

Kabla ya mchezo kuanza, waeleze waamuzi faraghani kwamba mna mpango wenye pasi ya nyuma upande fulani. Hii ni desturi ya kawaida, nayo inakulinda dhidi ya filimbi ya haraka inayoua mpira ulio hai.

Wakati ninaoupenda ni jaribio la pili lililobakiza yadi chache, mpira ukiwa karibu na katikati ya uwanja. Hila ikishindwa bado una majaribio mawili, na nyuma ya sefti kuna nafasi ya kutosha. Usiite kwenye mvua wala upepo mkali, na usiite kwa hasira baada ya kufungwa.

Mdakaji naye asisahauliwe. Tarehe 4 Februari 2018 mjini Minneapolis, katika Super Bowl LII, fainali ya NFL kati ya Patriots na Eagles, timu zote mbili zilijaribu kumrushia kwotabeki wao pasi kipindi cha pili cha dakika 15. Brady aliachwa huru, na mpira uliotoka kwa Amendola ukamponyoka vidoleni. Baadaye Eagles, wakiwa kwenye jaribio la nne yadi 1 kutoka eneo la kufungia, walipeleka snapu kwa Corey Clement, naye akampa Burton, na Burton akamrushia kwotabeki Nick Foles, aliyedaka na kufunga. Eagles walishinda 41 kwa 33. Kumdanganya mlinzi kulifaulu pande zote mbili. Mikono ndiyo iliyotofautiana.

## Mpangilio wa lango

Baada ya tachidauni, katika shule za sekondari na vyuo, mpira huwekwa kwenye yadi 3. Senta anasimama nao peke yake, au na mwenzake mmoja, huku mshika mpira, yaani anayeusimamisha mpira chini ili upigwe teke, na mpiga teke wakiwa nyuma yake kama kawaida. Wengine wote wanajipanga mbali upande wa kushoto, wakiwa ukuta wa wazuiaji mbele ya mkimbiaji mmoja. Umbo lake ni kama lango lililofunguliwa, na ndiyo asili ya jina.

Mpango mzima ni hesabu ya mtu mmoja, yaani mshika mpira. Ahesabu walinzi waliosimama mbele ya ukuta. Wakiwa wachache kuliko wazuiaji wetu, anamwashiria senta aupeleke mpira pembeni kwa mkimbiaji, nanyi mnatafuta pointi mbili. Wakiwa sawa au zaidi, anapiga makofi mara mbili, ukuta unakimbia kurudi mbele ya mpiga teke, wote wanatulia sekunde moja kamili, na teke la pointi moja linapigwa. Fundisha kurudi huko kwanza, kwa saa ya sekunde mkononi, kwa maana ndiko kutakakotumika mara nyingi.

Hesabu namba za jezi pia. Kwa kawaida watano kwenye mstari wavae namba 50 hadi 79. Kulegezwa kwa sharti hilo kupo katika mazingira ya teke, na mwaka 2009 nafasi hiyo ilibanwa baada ya shule ya Piedmont ya California, chini ya kocha Kurt Bryan, kuitumia kwa mashambulizi ya kila mara yaliyojulikana kama A-11.

Kinachoharibu lango ni mtu mmoja asiyejua lini mpira usipelekwe. Tarehe 18 Oktoba 2015 Indianapolis Colts, kwenye jaribio la nne na yadi 3 dhidi ya Patriots, waliwahamisha karibu wachezaji wote pembeni na kuacha wawili tu kwenye mpira. Nia ilikuwa kuwatia Patriots kwenye kosa, na kama hawakukosea, kutocheza kabisa. Mpira ulipelekwa hata hivyo, mdakaji akaangushwa papo hapo mbele ya walinzi kadhaa, na juu yake ikaja adhabu ya mpangilio usio halali. Kwa hiyo senta wako na mbadala wake wote wawili wafanye mazoezi ya kukataa: mwashirie vibaya makusudi, na uone kama anaushikilia mpira.

Umefaulu ukiona ukuta unarudi na kutulia bila mtu kutikisika, na mshika mpira akiweza kukuambia baadaye alihesabu walinzi wangapi.

## Baada ya hila kutumika

Iwe imefaulu au imeshindwa, jaribio linalofuata upande uleule liwe pasi fupi ya kweli. Konabeki aliyechomwa mara moja atasita, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, na katika kusita huko Mkimbiaji atamfikia na kumzuia kwa haki. Yadi nne za zamani huwa saba au nane. Ziandike kwenye daftari lako kando ya jaribio la hila, kwa sababu ni sehemu ya mavuno yake, kisha iweke hila hiyo kando mpaka utakapokutana na timu nyingine ambayo sefti wake ameanza tena kunyanyua visigino.